Kitu Tamu cha Wasioalikwa

Watu kumi na wanne hawawezi kumaliza keki ya kilo nne, hasa wakiwa wametoka kula mbuzi. Hiyo ni hesabu tu. Kwa hivyo wengi wetu tukisikia mtu anafanya harusi ndogo, tunadhani mambo ya kitu tamu ni hesabu pia: umepunguza watu, punguza keki, songa mbele. Kilo moja na nusu na dazani mbili za kwinkeki zinatosha, na pesa inabaki. Mimi nimekuja kuamini kwamba swali gumu la harusi ndogo limejificha hapo, na ni gumu kuliko lile la nani aalikwe na nani aachwe. Wali na nyama ni vya aliyekuja. Kitu tamu tangu zamani kimekuwa cha wasiokuja pia. Na ukishaamua kuoana mbele ya watu wachache, wasiokuja ndio wengi.

(Kamusi husema kitindamlo. Sijawahi kusikia mtu wa Kitengela akiitisha kitindamlo. Tunasema kitu tamu, na sarufi itusamehe.)

Binamu yangu aliolewa mwaka jana bila kamati, bila hema, bila MC na bila kundi la WhatsApp la kuchangisha. Mpango ulikuwa hivi: Ijumaa kusaini kwa AG, Jumamosi kuteremka Magadi, nyumbani kwa nyanya ya bwana harusi, ambaye sote tunamwita Koko kama wajukuu wake wa Kimaasai wanavyomwita. Watu kumi na wanne, nikijihesabu. Kila mtu alipewa kazi. Yangu ilikuwa kutafuta kitu tamu, nadhani kwa sababu siku zangu hazina bosi. Mimi huandika kwa kulipwa makala moja moja, na mtu wa aina hiyo ndiye hutumwa mjini Jumanne saa nne asubuhi.

Nilianza na keki kama kila mtu. Mwokaji mmoja pale Kitengela, mama mwenye oveni mbili nyuma ya duka la mabati na misumari, aliniuliza inaenda wapi. Nikasema Magadi. Akaweka kalamu chini.

"Kijana wangu, hiyo itafika ikiwa supu."

Na hakuwa anatia chumvi. Kutoka Kitengela unafuata barabara ya Namanga hadi Isinya, unakata kulia kuelekea Kiserian, halafu unaanza kuteremka Bonde la Ufa: Olepolos, Oltepesi, Olorgesailie palipofukuliwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, kisha nyika tupu. Toka Kiserian hadi ziwani unashuka zaidi ya mita elfu moja, na kila kona joto linapanda. Mchana kule linaweza kukaribia digrii 40. Krimu ya siagi huanza kulegea hata kabla ya digrii 30. Fondanti ikitoka kwenye baridi hutokwa na jasho kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Unaweza kununua barafu, ukafunga kasha, ukaomba Mungu na dereva, lakini ukifungua lile kasha una dakika kumi za picha, kisha ua la krimu linaanza kutembea.

Kuna kitu cha kuchekesha hapa, na nitakisema kisha nirudi. Jina la huo mji na jina la kitu cha jikoni ni moja. Magadi ndiyo yale mawe meupe ambayo nyanya zetu walitia kwenye maharagwe na githeri ili viive haraka. Kule ziwani ndiyo sakafu yenyewe: maji yanakauka, magadi yanabaki yameganda kama theluji chafu, pengine na rangi ya waridi. Wazungu walianzisha kampuni ya kuyachimba mwaka 1911 na reli ikavutwa kutoka Konza kuyafuata. Leo kiwanda ni cha Tata Chemicals. Yakichomwa yanakuwa soda ya kutengenezea kioo na sabuni. Na soda ya kuoka, ile inayoinua keki, ni ndugu yake wa damu. Kwa hivyo tulikuwa tunatafuta keki ya kupeleka mahali ambapo kinachoinua keki kiko kila upande, na keki ndiyo isiyoweza kufika. Hakuna funzo. Nilicheka peke yangu kwenye matatu, basi.

Sasa jambo lenyewe. Katika wale kumi na wanne, mama ya binamu yangu hakuwemo.

Huyo ni Shangazi, dada ya baba yangu. Hakukuwa na ugomvi wa kikabila kama unavyoweza kudhani. Shangazi hakuwa na neno na Wamaasai wala na kijana mwenyewe. Wazee walikuwa wamekaa mara mbili, mahari ilikuwa imeanza kwenda. Kilichobaki ni harusi, na Shangazi alikuwa na orodha ya watu mia tatu na hamsini. Binamu yangu hakutaka mia tatu na hamsini. Hakuwa na pesa yake, hakutaka ya kuchangiwa, na kusema kweli ni mtu ambaye akisimama mbele ya watu ishirini anaanza kutetemeka mikono. Walivutana mwaka mzima. Ungemuuliza kwa nini asimwalike mama yake peke yake, angekujibu nilivyojibiwa mimi: "Cuzo, unamjua mathe. Huyo haji peke yake. Huyo ni wingi."

Na kweli Shangazi ni wingi. Ana daftari. Ndani yake ameandika, kwa miaka zaidi ya ishirini, kila harusi aliyochangia: nani, kiasi gani, sufuria ngapi alizoazima, alipika usiku gani. Hajaliandika kwa ubaya. Kila mama wa chama chake analo, la karatasi au la kichwani. Mimi mwenyewe nimo mle. Nilipoingia chuo kikuu, Shangazi ndiye aliyekaa na ile chama wakatoa nusu ya karo ya muhula wa kwanza. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa sababu zangu, na hajawahi kunidai hata kwa macho. Lakini nimo daftarini, na najua hivyo, na yeye anajua kwamba najua.

Kila alipotoka kwenye hizo harusi alirudi na kipande cha keki kwenye tishu, ndani ya pochi. Watoto wote wa nyumba ile na wa jirani tulikula keki za watu tusiowajua, zenye harufu ya Vicks na poda. Hatukuwa tumealikwa. Lakini Jumapili asubuhi tungeweza kukuambia fulani ameoa, kwa sababu tumekula. Nilivyoanza kufikiria kazi niliyopewa, ile tishu ilikataa kutoka kichwani.

Nilimweleza jamaa mmoja tunayefanya naye kazi za kuandika, mtu mkali wa mawazo, naye akanipinga moja kwa moja. Alisema mama huyo alichanga kwa hiari yake. Hakuna mtoto aliyetia sahihi. Ukianza kulipa deni ulilorithi bila kuulizwa, hiyo ni kodi, na kodi hii wanaitozwa zaidi mabinti, maana ni mwili wao unaovalishwa na kusimamishwa mbele ya watu ili wazazi wao walipane. Alisema pia kwamba harusi za mia tatu na hamsini zimefukarisha watu, kwamba anajua walioanza ndoa na mkopo wa hema. Akamalizia kwa kusema kwamba mtu akichagua harusi ndogo achukuliwe kwa neno lake, asisumbuliwe na vipande vya keki.

Nakubaliana na karibu yote. Sidhani Shangazi alidai haki alipodai hema. Sheria ya Kenya nayo iko upande wa binamu yangu: tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, kama ilivyokuwa hata kabla yake, watu wawili wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wasio na kizuizi, wanaweza kwenda kwa msajili wakaoana bila ruhusa ya mzazi, bila mahari, bila kanisa.

Lakini angalia hiyohiyo sheria inataka nini. Inataka mashahidi wawili. Na inataka utoe ilani siku 21 kabla, ibandikwe mahali pa wazi, ili mwenye neno aseme. Serikali haihitaji hema lako, haina haja na MC wako, lakini haikubali uoe kimyakimya. Karatasi yenye jina la binamu yangu ilikaa kwenye ubao wiki tatu. Mpita njia yeyote aliyekwenda kutafuta cheti chake angeweza kuisoma. Mama yake tu ndiye hakujua. Hilo lilinikaa vibaya, na bado linanikaa vibaya. Kuna tofauti ya kutomwalika mtu na kumfanya awe wa mwisho kujua.

Nilipoanza kuchunguza, nikaona ndoa hazijawahi kuwa jambo la wawili tu, na mara nyingi ushahidi wake uko upande wa kitu cha kutafuna. Warumi wa tabaka la juu walikuwa na ndoa iliyoitwa confarreatio, na jina lenyewe linatokana na keki ya ngano ya kale, far, iliyotolewa siku hiyo. Mashahidi walikuwa kumi. Kumi! Harusi ndogo kuliko ya Magadi, na keki imeingia hadi kwenye jina la sheria. Katika Uislamu, Mtume alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima hata kwa kondoo mmoja. Hoja si ukubwa, hoja ni watu wajue. Na Mtume mwenyewe alipomwoa Safiyya, wakiwa safarini kutoka Khaybar, hapakuwa na mkate wala nyama. Palitandikwa ngozi, zikaletwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, vikachanganywa, watu wakala. Ukiondoa heshima ya tukio, hiyo ni harusi ya safarini ambayo chakula chake chote kilikuwa kitu tamu. Nilimtumia binamu yangu habari hiyo kwenye WhatsApp. Alijibu kwa emoji ya ngamia.

Halafu kuna Malkia Victoria, ambaye ndiye chanzo cha mengi tunayoyaona Kitengela kila Jumamosi. Alipoolewa mwaka 1840 keki yake ilikuwa na uzito wa ratili 300 hivi, zaidi ya kilo 130, ya matunda, na juu yake aisingi nyeupe. Watu huikumbuka kwa ukubwa. Mimi kilichonivutia ni kwamba vipande vilifungwa kwenye visanduku vikapelekwa kwa watu, na vingine vimehifadhiwa hadi vikapigwa mnada karne hii. Keki ya matunda haikuchaguliwa kwa utamu. Ilichaguliwa kwa sababu inadumu, na kinachodumu kinasafiri. Tulivyoirithi keki hiyo sisi, kupitia kwa wakoloni na kanisa, tuliibakiza kwa kazi ileile: tabaka la krimu ni la ukumbini, la matunda ni la wazazi na wakwe, la kubebwa nyumbani. Yule mwokaji wangu alilijua hilo bila Victoria. Aliposema krimu haifiki Magadi, aliongeza palepale, "Labda nikupikie ya matunda, kavu, bila aisingi. Lakini hiyo ni ya wakwe. Wakwe watakuwepo?"

Sikuwa na jibu, nikasema nitarudi.

Mwishowe sikununua keki kabisa. Nilikwenda Eastleigh nikanunua halua, kilo nne.

Wewe wa Nairobi labda unaijua halua kama kitu cha Idi, kilichofungwa kwenye nailoni, chenye rangi ya udongo mwekundu. Watu wa Mombasa na Zanzibar hawahitaji kuelezwa: ndoa ikishafungwa, inaletwa halua na kahawa chungu, basi imefungwa. Oman ni hivyohivyo, na Wasomali nao wana yao, ndiyo niliyopata. Ni wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga, pengine zafarani na korosho, vinakorogwa kwenye moto kwa saa nyingi hadi mkono unakufa. Haihitaji friji. Haiyeyuki kwa joto la Magadi, maana imeshapita moto mkali kuliko huo. Inakaa wiki kadhaa. Na kilo moja ukiikata vipande vidogo, vya kidole, inafikia watu wengi ajabu, kwa sababu hakuna anayeweza kula vipande vinne vya halua akabaki mzima. Nilichukua kilo mbili za Magadi. Mbili nyingine nikatia kwenye mkebe wa bati, ule mkubwa wa biskuti wenye kifuniko.

Hapo ndipo tulipogombana na binamu yangu.

Yeye alikuwa ameshakubali mama yake apelekewe kitu. Aliwaza kipande, kwenye kisanduku kizuri chenye utepe, na barua. Nilimwambia kipande kitamuumiza Shangazi kuliko kutompelekea chochote. Kwanza, Shangazi ana sukari. Miaka sita sasa anakunywa chai ya rangi bila hata chembe. Ukimtumia kipande kimoja cha kitu tamu, umemtumia kitu asichoweza kula, na huyu ni mama yako, unajua hawezi kula. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kipande ni cha mgeni. Mgeni aliyekosa kufika ndiye hutumiwa kipande. Mama ya bibi harusi hapewi kipande. Mama ya bibi harusi ndiye anayegawa.

Yaani nilichoona kwenye daftari la Shangazi, nikilisoma vizuri, hakikuwa pesa wala hema. Kwa miaka ishirini alipokea tishu kutoka kwa wanawake wengine. Alichotaka ni Jumapili moja awe yeye anayetoa. Harusi ya Magadi ilimnyang'anya ukumbi, na sawa, ukumbi haukuwa wake. Lakini haikulazimika kumnyang'anya na ule mkono wa kugawa. Mkebe wa kilo mbili angeweza kuufungua mbele ya chama, akakata, akapitisha, asile hata tonge, na bado akawa ndiye mwenyeji. Kwa watu wenye sukari hilo linawezekana kabisa. Nimemwona akipika mahamri ya watu mia na kulamba kidole mara moja tu, kwa siri.

Binamu yangu alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo ni hongo, cuzo. Unataka nimnunue mathe na sukari ambayo hata hawezi kula."

Ni neno zito na sikulipuuza. Hongo ni kitu unachompa mtu ili asifanye kazi yake, anyamaze, aangalie kando. Mkebe ungemfanya Shangazi asinyamaze. Ungempa neno la kusema na watu wa kuwaambia. Lakini kuna upande mwingine ambao binamu yangu aliuona kabla yangu, na bado sijaumaliza: je, ni haki kumpa mtu kazi ya kutangaza harusi ambayo yeye mwenyewe alifungiwa mlango? Akigawa halua, amekubali. Akikataa kugawa, ana kilo mbili mezani zinazomtazama. Kwa vyovyote tumemchagulia. Zawadi ya aina hii ina mkono wa kulazimisha ndani yake, na mtu mwenye hasira ana haki ya hasira yake bila kuletewa sinia.

Aliyetutoa hapo ni bwana harusi, ambaye hupenda kunyamaza. Alisema sisi sote tunaongea kama mkebe ndio utakaobeba habari. Habari ibebwe na mtu, akasema. Mtu apige simu kabla ya kusaini, si baada ya picha. Mkebe ufuate ukitaka kufuata. Kisha mama akisema hataki, usiende.

Nadhani alisema sahihi kabisa, na kama kuna mtu anasoma hii akiwa na mpango wa kwenda kwa AG na mashahidi wawili, asichukue la halua akaacha hili. Kitu tamu hakiwezi kufanya kazi ya mdomo. Nimeona watu wakituma keki kwa mzazi siku tatu baada ya kufunga ndoa ya siri, keki nzuri, ya bei, na mzazi akaipa mbwa. Sikumlaumu. Kilichofika pale hakikuwa cha kugawa. Kilikuwa taarifa iliyochelewa, imepakwa krimu.

Alhamisi jioni binamu yangu alipiga. Nilikuwa chumba cha pili, sikusikia upande wa Shangazi. Nilisikia "Kesho, mum." Nilisikia kimya kirefu. Nilisikia "Hapana, hakuna mtu wa kwetu, ila cuzo." Kimya tena. Kisha akasema kuna halua, tukuletee Jumapili ama tusilete? Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema mathe amejibu, "Sawa," na akakata. Tulikaa usiku ule tukijaribu kuamua "sawa" ile ilikuwa ya nini. Kiswahili chetu cha Kenya kina sawa kama saba hivi, na tatu kati yake ni matusi.

Kuhusu Magadi yenyewe sina mengi. Joto lilikuwa lilelile tuliloambiwa. Wazee wawili waliwabariki kwa maziwa, wakiwanyunyizia, na Koko akaleta asali ya kwao kwenye kibuyu kidogo, ambayo kwake ndiyo kitu tamu pekee cha kweli. Alipoiona halua inang'aa kwenye sinia aliuliza kwa Kimaa kama ni mafuta ya kondoo yaliyoungua. Alitafuna kipande, akatafuna tena, akakichovya kwenye asali. Tangu siku hiyo nimejaribu nyumbani, na nakwambia ni utamu wa kupita kiasi, usifanye. Tikiti maji mbili tulizonunua njiani zikaisha kabla ya halua. Kwa jua lile watu wanataka maji, hawataki sukari. Kama unapanga harusi ya kule, nunua tikiti tano.

Bwana harusi alikata kipande cha kwanza cha halua akamlisha mkewe, yeye akamlisha mumewe, kisha wote wawili wakamlisha Koko wakiwa wamepiga magoti, kama inavyofanywa na keki. Hapo binamu yangu alitazama upande wa pili, pale ambapo kwa kawaida wazazi wa msichana hukaa. Palikuwa na kiti cha plastiki na mkoba wangu. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nikainua ule mkoba nikauweka chini.

Jumapili nilibeba mkebe hadi Kitengela. Shangazi alinikaribisha vizuri, kama siku zote, "Karibu, mtoto wa ndugu yangu," akaupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito, akauweka juu ya friji bila kuufungua. Aliniuliza tulikuwa wangapi. Nikasema kumi na wanne. Aliniuliza kama Koko alikuwepo. Nikasema alikuwepo. Akaniletea chai yenye sukari, na yake ya rangi, tukaongea habari za maji ya mferejini kwa saa nzima.

Mamangu, ambaye yuko kwenye chama ileile, ndiye aliyeniambia lililofuata. Mkutano wa mwezi uliofuata Shangazi alifika na sinia limefunikwa kitambaa. Halua ilikuwa imekatwa vipande vidogo sana, kila kimoja kimefungwa kwenye tishu, vimehesabiwa sawa na majina. Mtu aliuliza ni ya nini. Alisema, "Ya msichana wangu, imetoka Magadi," akaketi, na ajenda ikaendelea na mambo ya mkopo.

Na binamu yangu bado wanasalimiana tu. Simu fupi, afya, hali ya hewa. Mkebe bado uko kwa Shangazi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na inaonekana hajaamua atakirudisha na nini.